Namba Mbili za Bwana Kati-ya

Ndugu waombolezaji, kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Kati-ya, alizaliwa kati ya mwaka 1961 na 1963, na anayetaka tarehe kamili akamuulize mama yetu, ambaye naye ameshatangulia.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya kituo cha reli, akahitimu takwimu chuo kikuu mwaka 1987, akaajiriwa ofisi ya takwimu za kazi, chumba cha ghorofa ya pili chenye feni inayozunguka ikipenda, na kazi yake ikawa kukadiria wastani wa saa za kazi za watu wenye ajira pungufu, yaani wale wanaotaka kazi zaidi wasiipate. Kwa kuwa hakuweza kumhoji kila mmoja, alihoji wachache, kisha akaandika namba mbili, ya chini na ya juu, akisema ana uhakika wa asilimia tisini na tano kwamba ukweli umo humo kati.

Mwaka 1990 alimwoa shemeji yetu, mshonaji, baada ya kuwaahidi wakwe kwamba angefika kati ya saa nne na saa saba, wakajaliwa watoto wawili, na hao wala si makadirio.

Kilichomchosha ni mkuu wake wa kazi, aliyekata namba zote mbili na kutangaza ya katikati peke yake. Mwaka 2016 marehemu aliandika saa kumi na saba hadi ishirini na tano kwa wiki, redio ikasema ishirini na moja. Mwaka uliofuata akaandika kumi na nane hadi ishirini na nane, redio ikasema ishirini na tatu, mkuu akapigiwa makofi kwamba hali inaboreka, na mpango wa kuwatafutia watu wale kazi ukafungwa. Marehemu alifoka korido nzima ikasikia, kwamba namba za miaka hiyo miwili zinaingiliana, hakuna awezaye kuapa kuwa saa zimeongezeka, mkuu akamjibu kwamba redio haina nafasi ya kati-ya, jina likamganda, na mkataba wake ukapunguzwa hadi asubuhi tatu kwa wiki, akawa mmoja wa wale anaowahesabu.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, daktari akamwambia amebakiza kati ya miezi minne na tisa, naye akamshika mkono, akasema hatimaye amepata mtu wa kuzungumza naye. Alitutoka tarehe 3 Machi 2024, ndani ya makadirio.

Fundi wa kibao cha kaburi alilalamika kuwa nafasi haitoshi, tuchague mwaka mmoja wa kuzaliwa, uwe 1962, shemeji akamwambia, fundi, punguza maua.

Tunawashukuru madaktari, majirani na wafanyakazi wenzake, na mkuu wake, aliyekaa pale mbele, ambaye tunamwomba akisogea kaburini akisome kibao chote.

Lala kwa amani, kaka, safari hii namba zako mbili hazikukatwa.