Mektilda na Miguu Iliyopimwa Mara Mbili

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, Bi. Mektilda Magese anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza kama muuguzi wa wodi ya watoto hapa Bariadi, na tangu hospitali yetu ilipopata mashine ya kupima umeme wa neva na misuli, chumba kile kimekuwa chake. Sisi wengine tulikuwa wageni tu.

Watoto huogopa neno umeme. Mektilda aliwatoa woga kwa kumpima baba kwanza. Tumeona wanaume wenye makundi ya ng'ombe wakiruka kitini kwa kamshtuko kadogo, huku mtoto akicheka na kunyoosha mguu wake mwenyewe.

Lakini mimi nitamkumbuka zaidi kwa kosa lake. Miaka mitatu iliyopita aliletwa Salu, msichana wa miaka saba kutoka Lingeka huko Meatu, aliyekuwa akianguka kila mara. Kipimo kilionyesha neva za miguu yote miwili zinapitisha umeme polepole mno. Daktari akamweleza mama, kwa upole, kwamba huenda siku moja mtoto asitembee. Mama alimbeba mwanawe wakaondoka kwenda stendi.

Mektilda alipotandua kitanda akakuta shuka limelowa upande wa miguu. Ndipo akakumbuka desturi ya mama zetu: mtoto hapelekwi kwa daktari na vumbi la safari. Salu alikuwa amesuguliwa miguu kwa maji baridi kwenye bomba la nje, asubuhi hiyo ya mvua, na mguu wa baridi hupitisha umeme polepole hata ukiwa mzima. Mektilda hakuwa ameushika kujua kama una joto. Alidandia bodaboda na sare yake hadi stendi, akalizuia basi la Meatu likiwa linatoka, akimwita mama yule kwa Kisukuma, mayu, mayu, ashuke, kwamba aliyekosea ni yeye.

Miguu ilipopashwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, neva zilionekana nzima kabisa. Shida ilikuwa kifundo cha mguu kilichoteguka kikapona vibaya, na mazoezi yalitosha. Mama alilia.

Mektilda hakuficha. Aliliandika kosa hilo mwenyewe kwenye kitabu cha idara, na hadi leo hakuna mtoto anayepimwa kabla ya kushikwa miguu. Method, anayempokea kazi, alifundishwa hilo siku ya kwanza.

Dada Mektilda, asante sana. Nenda nyumbani Kasoli ukapumzike, Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha. Wiki iliyopita Salu alipokuja kukuaga, alikuja mbio koridoni. Nawe, uliyetugombeza sote miaka yote kwa kukimbia koridoni, ulisimama mlangoni ukamwacha akimbie.