Koti la Nodi

Mama Mkubwa: Haloo? Nani mwenzangu? Ongea haraka, nina pasi ya moto mkononi.

Waya: Shikamoo, Mama Mkubwa. Ni mimi, Waya.

Mama Mkubwa: Waya yupi?

Waya: Kwani unao wangapi? Mtoto wa mdogo wako, wa karakana ya redio.

Mama Mkubwa: Marahaba. Mtoto wa yule. Haya, sema.

Waya: Nodi yako, kile kisanduku kinachopokea barua zako za mtandao, imezima. Leo siku ya tatu.

Mama Mkubwa: Izime iende wapi? Si hii hapa kwenye rafu, karibu na kopo la vifungo. Imependeza hiyo!

Waya: Taa zake zinawaka?

Mama Mkubwa: Sizioni.

Waya: Huzioni kwa sababu zimezima, au—

Mama Mkubwa: Kwa sababu ya koti.

Waya: Koti gani?

Mama Mkubwa: Nimeishonea koti. Kitu kimekaa uchi dukani kwa fundi cherehani, si aibu hiyo? Halafu vumbi la vitambaa linaingia kwenye vile vitundu. Nilikuwa na kipande cha sufu kimebaki, nikakitia bitana, na zipu mgongoni. Na kola.

Waya: Kola!

Mama Mkubwa: Ndogo tu.

Waya: Jamani, Mama Mkubwa! Vile vitundu ndiyo pua yake! Umeiziba, imepata joto, ikajizima yenyewe. Livue hilo koti!

Mama Mkubwa: Usinifokee, mimi si mkeo. Na haraka ya nini? Siku tatu bila meseji, nimeshona suruali tisa.

Waya: Kuna barua inakugongea mlango tangu juzi. Ikifika saa kumi kamili bila kufunguliwa, inarudishwa ilikotoka.

Mama Mkubwa: Barua ya nani?

Waya: (mkwaruzo) ...kutoka kwenye nodi iliyopo hapa karakana.

Mama Mkubwa: Sikusikii vizuri.

Waya: Umenisikia.

Mama Mkubwa: Hapo kwako kuna nodi ya mama yako tu.

Waya: Ndiyo hiyo.

Mama Mkubwa: Miezi minane hatusemeshani, Waya.

Waya: Najua.

Mama Mkubwa: Alisimama hapa, mbele ya wateja wangu, akasema nimempunja kitambaa cha gauni. Mimi! Niliyemshonea tangu ana meno ya utoto! Anasemaje sasa?

Waya: Sijui. Imefungwa, na ufunguo uko kwenye nodi yako peke yake. Si wewe uliyetaka nodi yako mwenyewe, eti barua zako zisilale kwa watu?

Mama Mkubwa: Basi ikirudi aandike tena.

Waya: Mama yangu? Aandike mara mbili?

Mama Mkubwa: ...Hawezi. Namjua.

Waya: Nodi itamwambia "haikupokelewa". Hapo ataelewa nini?

Mama Mkubwa: Kwamba nimemkataa.

Waya: Na mimi nikimwambia nodi ilikuwa imevaa koti—

Mama Mkubwa: Atakuzaba kibao. Wewe unayajua hayo mambo, si uongeze siku?

Waya: Ni sheria ya mtandao wote, siiwezi.

Mama Mkubwa: Saa ngapi sasa?

Waya: Kumi kasoro dakika tisa.

Mama Mkubwa: Mungu wangu! Zipu imekwama! Mkasi, mkasi uko wapi... Nakata!

Waya: Taratibu, usikate na waya!

Mama Mkubwa: Nimekata kola. Kola nzuri ile! (mkwaruzo) Uwii, inaunguza kama pasi!

Waya: Ipepee.

Mama Mkubwa: Napepea na karatasi ya patroni ya suruali. Mteja ameingia, ananitazama kama nimerukwa na akili. Ngoja, baba, napepea posta!

Waya: Sasa bonyeza kitufe cha nyuma. Taa?

Mama Mkubwa: Nyekundu. Bado nyekundu. Waya, bado—

Waya: Inaamka hiyo. Subiri.

Mama Mkubwa: Nimesubiri miezi minane, usiniambie subiri! ...Ya njano. Inapepesa... Kijani! Kijani, mwanangu!

Waya: Huku barua imetoka kwenye foleni.

Mama Mkubwa: Imekuja au imerudi?

Waya: Sioni bado. Angalia kwenye simu yako, ile alama ya bahasha.

Mama Mkubwa: Ngoja nivae miwani.

Waya: Haloo? Imefika?

Mama Mkubwa: Imefika.

Waya: Anasemaje?

Mama Mkubwa: Si umesema imefungwa? Anasema, "Dada, gauni hukunipunja. Nimenenepa."

Waya: Basi?

Mama Mkubwa: Unataka nini zaidi? Yule kuandika hivyo! Yule!

Waya: Unalia?

Mama Mkubwa: Nacheka. Nalia. Niache.

Waya: Salio langu linaisha, Mama Mkubwa. Mjibu sasa hivi, na koti lisirudi!

Mama Mkubwa: Usikate! Mwambie alilete gauni leo leo. Ndani ya mshono niliacha kitambaa cha vidole viwili kila upande. Ni kufumua tu.

Waya: Uliacha? Kumbe ulijua?

Mama Mkubwa: Nilimpima kwa mikono yangu, nisijue?

Waya: Sasa mbona siku ile hukusema?

Mama Mkubwa: Nimwambie mdogo wangu amenenepa, mbele ya wateja? Bora nionekane mimi ndiye mwiz— (simu inakatika)