Mtindi Uliokataa Kuwa Barafu

Mimi naitwa Swafiya, nina duka la rejareja hapa Gitega, Kigali, na mbele ya duka nina benchi. Nililiweka kwa ajili ya wateja, lakini mteja ananunua sabuni yake anaondoka, na wanaobaki ni hawa wa kikombe kimoja na maneno mia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo wananichosha zaidi, maana wanatoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, na majembe mkononi. Wamezibua mtaro nusu saa, lakini ukiwasikiliza utadhani wamehamisha mlima. Saa tano hiyo walikuwa wawili. Kulikuwa na mzee Ntare, tunayemwita Profeseri kwa sababu alilinda geti la chuo kikuu miaka kumi na moja. Na kulikuwa na Manzi, dereva wa pikipiki, tunayemwita Meteo kwa sababu hutabiri mvua kila siku, na isiponyesha analaumu mawingu. Nilikuwa namimina kahawa ya tangawizi alipokuja Gasana fundi cherehani, mabega yameshuka, akajitupa katikati yao.

— Swafiya, nipe kubwa, alisema. Imekataa tena.

— Nini imekataa? nikamuuliza.

— Mtindi. Tangu Jumatano, siku ya ine leo.

Habari hiyo mtaa mzima unaijua, ila nitaieleza. Binti yake Gasana, Pretty, alikuwa anatimiza miaka saba siku hiyohiyo. Huyo mtoto alikula barafu za rangi za sukari mpaka meno mawili ya mbele yakaoza na kung'olewa. Tangu hapo hataki uji, hataki maziwa, kinywa chake kinataka kitu cha baridi tu. Gasana ameipunguza kiuno sketi yake ya shule mara mbili muhula huu, na mara ya pili nilimwona anashona huku anajifuta macho. Ndipo akamuahidi: siku yako ya kuzaliwa nitakutengenezea barafu ya mtindi, haina rangi wala sukari, mtakula wewe na wenzako kumi na mmoja. Watoto walikuwa wanakuja saa kumi. Mama yake Pretty, Lillian, ni muuguzi hospitali ya Kibagabaga na wiki hiyo alikuwa zamu mfululizo, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya baba.

— Hebu sema tena ulifanya namna gani, alisema Profeseri, akakunja nne. Sema polepole, comme à l'école, kama shuleni.

— Nanunua ikivuguto kwa mama wa maziwa. Nachuja mpaka maji yote inatoka, inabaki nzito. Naponda ndizi ya kuiva. Naweka marakuja, ile pasheni, naweka asali kijiko mbili. Nakoroga, natia mu vikombe vidogo, nasimamisha kakijiko katikati, nafunga mu friza. Jioni naangalia: uji. Asubuhi naangalia: uji!

— Na ile ya Jumatano iko wapi?

— Nimekunywa.

— Ya Alhamisi?

— Nimekunywa yote, muzehe. Natupa maziwa mimi? Nakunywa, natengeneza ingine.

Nikamtazama tumbo. Kweli, mtoto alikuwa anakonda na baba ananenepa.

— Mimi najua kosa, alisema Profeseri. Ikivuguto ni kitu hai. Iko na vidudu vidogo, vizuri kabisa, vinatembea ndani. Kitu inatembea haiwezi kuwa barafu. Umeshaona mtu anakimbia, akaganda?

— Sijaona, alikiri Gasana.

— Voilà.

— Ngoja, muzehe, alisema Meteo. Mu friza iko nini ingine?

— Nyama ya mbuzi, kilo mbili, ya brosheti, mishikaki ya wakubwa. Hiyo iko jiwe! Tangu Jumatano iko jiwe, na iko bega kwa bega na mtindi.

Friza moja, baridi moja, nyama jiwe, mtindi uji. Hata mimi niliacha kupanga chumvi.

— Wahenga walishasema, Profeseri akaokoa jahazi. Damu nzito kuliko maji. Nyama iko na damu, inaganda mbele. Mtindi haina damu, inangoja.

— Methali hiyo ni ya ndugu, Profeseri, nikamwambia. Si ya friji.

— Na mbuzi haina ndugu?

Meteo akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyeletewa mgonjwa wa mganga.

— Minakwambia kitu ya kweli, sha. Baridi ni abiria. Inatoka mu mashine, inakuta pikipiki mbili: moja ni nyama, moja ni mtindi. Inapanda ile nyama, iko na nguvu. Mtindi inabaki kwa steji, inaita, inaita, hakuna abiria. Tena Gasana uko hapa juu. Umeme inapanda mlima, inafika kwako imechoka kabisa. Ikichoka inafanya kazi moja tu.

— Kwa Swafiya pia ni juu, na soda yake iko baridi.

— Swafiya anakaa upande ya kulia.

Sikuuliza upande wa kulia wa nini. Kwa watu hawa ukiuliza swali moja unanunua matatu.

— Asali ilitoka wapi? aliuliza Profeseri.

— Msituni.

— Eeh! Nyuki wa msituni ni wakali. Asali yao iko na hasira mpaka leo, na hasira ni moto. Ungeweka asali ya nyuki wa mu mji, wale wamezoea watu.

— Nilitengeneza ya Ijumaa bila asali.

— Na ikakataa?

— Ikakataa.

Profeseri akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo. Nilijua anatafuta ngazi ya kupanda juu zaidi, na akaipata.

— Ulichujia na nini?

— Voile. Kitambaa kipya, safi, nilifua na maji ya moto. Kilibaki nikishona shela ya bibi harusi mmoja wa Busanza.

— Shela! Mzee alisimama, jembe likaanguka. Mmesikia? Mtindi imepita ndani ya shela ya bibi harusi! Sasa iko na joto ya harusi. Inangoja bwana. Utaigandisha namna gani, na iko na furaha?

— Yampaye inka! aliapa Meteo kwa aliyempa ng'ombe, mkono kifuani. Hiyo ni kweli. Kaka yangu wiki ya harusi alilala bila blanketi, na ilikuwa Julai.

Gasana, maskini, akashika kichwa. Angekuwa na akili zake za kawaida angecheka, lakini mtu mwenye ahadi ya mtoto huamini lolote. Akauliza kwa sauti ya chini kama chandarua kingefaa kuliko shela.

— Wacha chandarua, alisema Meteo. Nipe vikombe yote. Nafunga mu sanduku ya nyuma, naacha wazi juu. Nakimbia mpaka Mont Kigali, nashuka, napanda, mara ine. Upepo ya kule inagandisha hata mawazo. Mchagua jembe si mkulima!

— Na vumbi?

— Vumbi ni vitamini.

— Meteo, nikamwambia, ukimlisha mtoto wa watu vumbi, benchi hili utaliona kwa mbali tu.

Wakati huo akatokea Sangwa, fundi friji, kijana wa watu aliyeitwa na Gasana asubuhi. Alikuwa ametoka nyumbani kwa Gasana, mwisho wa kichochoro, na kisanduku chake cha spana hakijafunguliwa hata.

— Hiyo friji haina ugonjwa, alisema. Iko nzuri kuliko ya kwangu. Ila niambieni: mkitoka wote, nani anabaki na hiyo friji?

— Hakuna mtu, alisema Gasana. Mimi naenda kwa cherehani, mtoto shule, Lillian kazini. Anabaki tu mama mkwe wangu, Nyirahabimana. Alifika Jumanne. Analala saluni, pale sebuleni, pembeni ya friji.

Alipotamka hilo, uso wake ukabadilika. Profeseri akaketi taratibu.

— Mama wa kijijini, alisema mzee. Mwenye ng'ombe. Na wewe umelaza maziwa na nyama chumba kimoja.

Kila mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya ng'ombe Rwanda anajua kwamba maziwa na nyama havikutani, si mezani wala tumboni, maana ng'ombe aliyetoa maziwa hayo atakauka. Sisi wa mjini tumesahau. Friji ndiyo kabisa, haijawahi kufundishwa.

— Basi kazi imekwisha, alisema Sangwa. Mumuulize tu. Nani anaenda?

Lo! Ungewaona. Profeseri akakumbuka ana dawa ya kumeza saa sita. Meteo akatazama mbinguni akasema mvua inakuja, na jua lilikuwa linachoma. Gasana ndiye aliyekuwa na shida ya kweli: mkwe hamhoji mama mkwe. Tangu amuoe Lillian hajamwambia yule mama zaidi ya salamu na karibu chakula. Amhoji vipi kama mwizi, ndani ya nyumba yake mwenyewe?

— Heri nimwambie mtoto nimeshindwa, alisema. Kisha akaweka kikombe chini. Non. Nilimuahidi.

Akaondoka kwa hatua za mtu anayekwenda kung'olewa jino. Sisi tukafuata nyuma, mimi nikijifanya naokota vikombe, tukasimama mlangoni. Mama Nyirahabimana alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage. Gasana akaingia, akampa kisogo kwa adabu, akasimama mbele ya friji, akavua kofia. Walizungumza Kinyarwanda cha heshima, nitakiweka hivi.

— Friji, alisema Gasana. Nakuuliza bila kukukosea. Mtindi wa mwanangu una nini kwako?

Friji ikanguruma kidogo. Yule mama hakuinua macho kwenye maharage.

— Friji, alisema, mwambie mwenye nyumba kwamba hana kosa. Nina ng'ombe mmoja, ana mimba. Maziwa yake ndiyo yaliyomkuza Lillian. Nilipoona maziwa yamelazwa na mbuzi sikupata usingizi. Akitoka au akilala nayatoa, nayafunika vizuri. Nikisikia anarudi au anaamka nayarudisha, ili mkwe wangu asiaibike.

Gasana akapangusa uso kwa kofia.

— Friji, mwulize mama: nikitoa nyama?

— Friji, mwambie: mbona hilo tu ndilo nililokuwa nangoja? Tena mwambie, mwanamume anayemchujia mwanawe maziwa kwa mikono yake, mimi nimemsifu kijijini kote.

Nililia, nisiseme uongo. Meteo pia alilia, akasingizia tangawizi.

Nyama ikatoka palepale, friza ikafutwa mara tatu kwa maji ya moto, mama mkwe akapanga vikombe kwa mkono wake na kuvigeuza kila nusu saa. Mbuzi akaangukia mkaa wa Profeseri. Saa kumi na robo watoto kumi na wawili walikuwa wanavuta vijiko kwa meno, wenye meno, na ukimya ulikuwa mzuri kuliko wimbo. Katikati kulikuwa na ulaini kidogo, hakuna aliyelalamika.

Pretty alimaliza kikombe cha kwanza. Gasana alihesabu kwa midomo: cha pili. Na cha tatu mkononi, mtoto akaja mpaka benchini, akajipenyeza kati ya Profeseri na Meteo waliokuwa wanatafuna brosheti, mdomo wake mweupe mpaka puani.

— Muzehe, alimwambia Profeseri, ni kweli mumezungumza hii barafu yangu siku ine?

— Kweli kabisa, mtoto wangu. Tulitumia akili sana.

— Kwa nini hamkumuuliza nyogokuru, bibi yangu?

Profeseri akaanza kuhesabu vipande vya brosheti yake. Meteo akatafuta wingu. Sangwa akainama kufungua spana zake, akazifunga tena. Wote watatu wakaninyoshea vikombe kwa pamoja, nami nikainamisha flaski. Haikutoka hata tone.