Jagi la Kijani la Mama Nanyama

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Rispa Nanyama anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kufanya usafi hospitalini. Alianza katika zahanati ndogo kule Kamukuywa mwaka wa 1994, akahamishiwa kwetu Kitale mwaka wa 2003, na tangu siku hiyo mikono ya watu humu ndani haijawahi kupumzika.

Mimi ni Wakiuru, nafanya usafi naye wodi ya akina mama. Sista Chelagat, mkubwa wa wauguzi, amenipa kazi ya kuandika haya kwa sababu, ati, mimi ndiye nimemsumbua Mama kwa maswali kuliko wote. Sikubishana.

Mama alipofika hapa, bango la kunawa mikono lilikuwa ukutani tayari. Wagonjwa walilisoma sana. Wafanyakazi walilipita wakikimbia, na mtungi wa maji ulikaa kwenye kona, umejaa tangu Jumatatu. Mama hakuwa na cheo cha kumwambia daktari anawe. Basi alifanya vile hufanywa kwao Bokoli mgeni akija: akachukua jagi la kijani, beseni na sabuni, akasimama mbele ya daktari, akainama kidogo. Sasa ni nani aliyelelewa huku kwetu anaweza kumkataa mama aliyemshikia maji? Daktari akanawa. Wa pili akanawa. Kuanzia hapo, kabla mgonjwa aguswe, jagi limeshafika.

Shida ilikuwa moja tu. Huku kwetu ukinawishwa, unajua chakula kinakuja. Miaka sita iliyopita nilikuwa nimelazwa humu na msichana wangu Ciru, aliyezaliwa kabla ya wakati, mdogo hata nikawa naogopa kumshika. Daktari Kimaiyo alikuwa mgeni, ameripoti kazini mara ya kwanza asubuhi hiyo. Mama Nanyama akamnawisha vizuri, mpaka katikati ya vidole. Daktari akashukuru, akavuta kiti, akaketi, mikono juu, akingoja. Tukangoja sote. Mwishowe akauliza kwa upole, "Na chakula, mama?" Mama akamwonyesha Ciru. "Kwanza huyu, daktari. Ugali ni saa saba." Nilikuwa sijacheka tangu nijifungue. Ciru sasa yuko gredi ya kwanza, na hunawa kabla hajaambiwa.

Nyumbani pia watu hawakupona. Wakwe walipokuja Bokoli kuposa binti yake, aliwanawisha langoni, akawanawisha mezani, na mmoja alipomgusa mbwa, akawanawisha wote upya. Mzee wao akauliza, "Bana, tumekuja kuoa ama kupasua mtu?" Harusi ilifanyika Bungoma hata hivyo. Chakula kilitoka saa kumi, maana mama ya bibi harusi alikuwa jikoni akikagua kucha za wapishi.

Lakini mwaka huu tulimwona amenyamaza. Siku hizi mifereji ina maji, sinki ziko tatu, na fomu zake za kustaafu zilikaa kwa droo bila sahihi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Wakiuru, hawa watu wananawa kwa sababu wananiona mimi. Nikienda, je? Si watoto ndio wataumia?" Hakuwa anatania.

Mwezi wa nane akaenda likizo ya wiki mbili. Kabla ya kuondoka aliweka kipande kipya cha sabuni kwa kila sinki, akaniambia nisiongeze neno kwa mtu. Mtu anaweza kudanganya, alisema, lakini sabuni haijui. Aliporudi, sabuni ya wodini ilikuwa imekonda kama jani. Ya chumba cha watoto ilikuwa imeisha na nyingine imefunguliwa. Ya chumba cha madaktari, kumbe, bado ilikuwa inasomeka jina, herufi zote. Aliibeba hadi kwenye mkutano wa asubuhi, akaiweka mezani, akakaa. Daktari Kimaiyo alijitetea kidogo ati yeye hunawia wodini.

Mwezi wa kumi akaweka tena sabuni mpya, akaenda wiki mbili kwa binti yake Bungoma. Safari hii alipata sabuni ya madaktari imekuwa laini, nyembamba, haina hata herufi moja. Aliigeuzageuza dirishani akiangalia kama imekwanguliwa kwa kisu. Haikuwa. Akaomba kalamu, akatia sahihi fomu zake papo hapo.

Mama, asante. Asante kwa Ciru, na kwa watoto wengi ambao mama zao hawatajua kamwe ni nani alisimama na jagi kabla waguswe. Nenda Bokoli ukalime vitunguu vyako, uamke saa unayotaka, wajukuu wakuletee chai. Tunakutakia maisha mema na marefu, na wageni wenye kuvumilia maji baridi.

Leo chakula kipo kweli. Daktari Kimaiyo ameomba akunawishe yeye mwenyewe, kwa jagi lako la kijani. Tafadhali keti, usimfundishe. Na usimwulize kama yeye amenawa. Nimemwona, na sabuni iko mfukoni mwangu ukitaka kuikagua.