Alisema Inauma: Maisha ya Bi Breki, Mwalimu wa Udereva

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Breki, alizaliwa tarehe 9 Machi 1985, mtoto wa pili wa fundi saa na muuza vitambaa. Alimaliza sekondari mwaka 2003, akaenda chuo cha ufundi kusomea umakanika. Baba yake alitaka awe karani. "Baba," alimjibu, "karani hukaa. Mimi kukaa siwezi."

Kuanzia mwaka 2008 alifundisha udereva. Wanafunzi wake mmejaa hapa. Mnaukumbuka mguu wake juu ya breki ya upande wa pili, na kicheko chake: "Nguzo ya umeme haijui kupisha mtu, mpenzi. Ipishe wewe." Hata mama mkwe wake alifundishwa naye mpaka akapata leseni, kichwa kimejaa mvi.

Alifunga ndoa na fundi bomba tarehe 16 Juni 2012. Walipendana. Mtoto hakuja, na maneno aliyorushiwa, walioyarusha wanajijua. Vipimo vilionyesha mirija yake ya uzazi imeziba, ndipo wakaamua apandikizwe kiinitete kilichotungishwa maabara. Haikuwa dhambi wala tamaa.

Tarehe 3 Februari mwaka huu alilala kwenye kitanda cha kliniki, dada yake mkubwa, anayewasomea wasifu huu, akiwa amemshika mkono. Mrija wa kupitishia kiinitete ulikataa kupita mlango wa kizazi. Daktari akarudia, akabadilisha kifaa, akalazimisha. Damu ikatoka.

"Daktari, inauma sana. Naomba usimame kwanza."

"Vumilia, mama. Unataka mtoto au hutaki?"

Mtu mzima, mwenye mwili wake, alisema basi, akajibiwa hivyo!

Baadaye homa ikapanda, tumbo likakaza kama ubao. Dada yake akapiga simu kliniki. Nesi akasema, "Hiyo ni kawaida. Ameze dawa ya maumivu, alale, asije akapoteza mimba bure." Akapiga tena kesho yake, wimbo ukawa uleule. Hakuna aliyesema, "Mleteni tumwone." Mumewe alipombeba kumkimbiza hospitali kubwa, maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Alifariki tarehe 10 Februari, adhuhuri.

Kliniki ikaleta shada la maua. Mumewe akalirudisha, akaliweka juu ya meza ya mapokezi. "Niliomba maelezo," aliwaambia, "sikuomba maua."

Na wapo wanaonong'ona kwamba alijitakia. Mama mkwe wake ameomba neno lake lisomwe kama lilivyo: "Huyu hakuwa mkaza mwana kwangu, alikuwa mwanangu. Asiyeweza kumlilia, njia ni ile."

Ameacha mume, wazazi wake wote wawili, mama mkwe, dada, kaka, na watoto wa dada yake waliomwita mama mdogo.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tutapumzika siku kliniki itakapotujibu.