Kinyozi Taratibu na Puto Lililopasuka

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna kelele hapo mlipo, zipunguzeni kidogo. Leo namkumbuka kinyozi. Mtaa mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu hakuwahi kuharakisha kidevu cha mtu. Ukija na haraka zako alikuambia, "Nenda kwa mwenzangu, ukirudi na plasta tutacheka pamoja." Alifariki wiki iliyopita. Nasema mapema, msije mkasubiri mwisho mwema.

Taratibu alipoteza mkono wa kulia. Lori la mizigo lilirudi nyuma, likaubana ukutani. Madaktari wakaukata chini ya kiwiko. Mkono huo wa kulia, wasikilizaji, ndio ulioshika wembe.

Mkono bandia wa kwanza ulikuwa wa plastiki, vidole visivyokunjika. "Huu ni wa kupigia picha," alimwambia mkewe, akautundika msumarini.

Kisha utaalamu ukasonga mbele. Hospitali ikampa mkono wa umeme. Ndani una vihisio vinavyogusa ngozi. Ukikaza msuli vinatambua, na mota ndogo zinakunja kidole kimoja kimoja. Ncha za vidole zinapima nguvu ya kushika, kisha zinamtetemesha kidogo karibu na kiwiko ili ajue ameshika kwa nguvu gani. Alijifunza kushika yai. Halafu kikombe. Halafu wembe. Kila jioni aliuchaji kama simu.

Mkewe anasema, "Siku aliyonimenyea chungwa nililia. Akaniambia, bibie, acha kulia, chungwa litaingia chumvi."

Taratibu alitaka kitu kimoja tu. Mtu akae kwenye kiti chake cha kunyolea, ainue shingo, afumbe macho.

Hakuna aliyekaa. Walikuja, wakaushikashika mkono, wakasema, "Jamani, dunia imeendelea!" Kisha wakavuka barabara kwenda kunyolewa kwa mwingine. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Basi akafanya wanachofanya vinyozi wanaojifunza kazi. Alijaza puto upepo, akalipaka povu, akalinyoa kwa wembe pale mlangoni. Halikupasuka. Kila asubuhi puto, kila asubuhi watu wamejaa, makofi kama uwanja wa mpira. Videvu vyao wakaondoka navyo.

Hatimaye mdogo wake akakubali. Damu yake mwenyewe. Akakaa, akafungwa kitambaa shingoni, akapakwa povu mashavu yote. Taratibu furaha ikampanda kichwani. Akasema, "Ngoja kwanza niwaonyeshe hawa wa mlangoni." Hapo ndipo alipokosea. Alichukua puto, akaweka wembe, na puto likapasuka.

Watu wote wakashika shingo zao. Mdogo wake akainuka.

"Nilimwambia nimekumbuka shughuli," alinisimulia akitazama sakafu. "Nilitoka na povu usoni. Sikurudi tena. Kile kitambaa ninacho mpaka leo." Sasa ana ndevu nyingi. Hajamruhusu mtu yeyote aziguse.

Mjane naye ana lake. "Mkono haukuwa na kosa. Puto lilikuwa limekaa sana kwa muuzaji, mpira wake ulikuwa umechoka. Mimi ndiye niliyelinunua. Nimwambie nani sasa?"

Tangu siku hiyo hakunyoa mtu. Lakini alifungua duka kila siku, akanoa wembe, akafagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja. Alikonda. Alipunguza utani, mwisho akauacha kabisa. Moyo wake ulisimama mchana, duka likiwa wazi. Mkewe alimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, koti lake jeupe la kazi mwilini, mkono wa umeme mapajani.

Familia ya Taratibu, poleni sana. Shemeji yangu, mkewe, pole. Sina neno la kuwatuliza, na sitalibuni.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, wataalamu wataunda mikono mizuri kuliko huu, na wafanye hivyo. Lakini hakuna mota ya kumkalisha mtu kwenye kiti. Mtaani kwenu kuna aliyejifunza upya kazi yake. Mmemwendea, au mnampigia makofi kutoka mlangoni?

Nilikwenda nyumbani kwao kutoa pole, na nilipokuwa naaga niliuona ule mkono kwenye rafu, waya umechomekwa ukutani, taa yake ndogo ya kijani inawaka. Nikamtazama mjane.

"Jioni ikifika nauchomeka tu," akasema. "Namchajia nani, sijui."