Skrubu Sita za Boti ya Kwanza

Jirani wa marehemu Ersilia, Bi Pinuccia, anasema Ersilia alikufa akienda kuiba. Anasema alimwona kwa macho yake, bisibisi mkononi, akilinyemelea jumba la makumbusho ya boti za Gherlanda. "Mzee mzima, haya hana!" Anayasema hayo pale duka la mikate, na watu wanamsikiliza.

Wasikilizaji wapendwa, hakuiba. Ersilia Bonacina alianguka nje ya lango asubuhi ya Alhamisi, akingoja lifunguliwe. Alikuwa na miaka sabini na minane. Bisibisi ilikuwa mkobani kweli, pamoja na kipande cha polenta, ugali wetu wa mahindi, ndani ya kitambaa.

Boti za Gherlanda mnazijua. Mbao za mkangazi zinazong'aa, viti vyekundu, matajiri wanapunga mikono. Kitabu cha kampuni kinasema ya kwanza aliiunda Bwana Gherlanda mwenyewe, peke yake. Ersilia alisema aliiunda baba yake, fundi Ambrogio, aliyefukuzwa kazi boti zilipoanza kupata jina.

Mafundi wa ziwa letu, kabla ya kukaza ubao, huandika jina lao kwa penseli upande wa ndani. Halionekani mpaka boti ifunguliwe. Basi kwa miaka thelathini na moja Ersilia alizunguka karakana zinakofunguliwa boti kwa matengenezo, na tochi na kioo kidogo, akichungulia matumbo ya boti. Alijaza madaftari kumi na moja. Jina la baba yake alilikuta katika boti ya nne, ya saba, ya tisa, kila mara nyuma ya ubao wa tatu wa kushoto. Ikabaki ya kwanza. Na ya kwanza imo ndani ya jumba lile.

Kaka yake, Battista, ananiambia: "Nilimwambia, Ersilia, waache wafu. Akanijibu, 'Wafu wamenikosea nini? Waongo ni hawa wazima.'"

Mlinzi wa lango alimzoea.

"Leo tena, bibi? Umeniletea keki?"

"Nimekuletea bisibisi. Fungua wewe, mikono yangu inatetemeka."

Walikuwa wakicheka. Sasa mlinzi halali vizuri.

Ersilia aliandika barua tano kwa mkurugenzi wa jumba, hazikujibiwa. Mwezi uliopita boti ile ya kwanza ikapakwa vanishi upya, vichwa vya skrubu vikazibwa. Alikwenda kuitazama. Aliporudi, hakula.

Pole, mzee Battista. Poleni nyumba nzima ya Bonacina. Na sisi tujiulize. Baba zetu walifanya kazi meza moja na Ambrogio. Walijua. Walinyamaza, nasi tukarithi kunyamaza, kwa sababu mkate wetu unatoka kule kule kwa Gherlanda.

Mkobani mlikuwa na barua ya sita: "Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba ufungue ubao mmoja tu, wa tatu, upande wa kushoto. Skrubu ni sita. Tochi nitashika mwenyewe. Kama jina halimo, nitaomba radhi mbele ya watu."

Jana niliipeleka ofisini kwa mkurugenzi. Karani akaniuliza kama nina miadi. Nikamwambia mwenye barua tumemzika. Akaipokea, akaiweka juu ya zile tano. Zote tano bado zilikuwa zimefungwa.